Utumbo uliotoboka: Garsen tusishangilie mapema

Mzee mmoja wa vijiji vya karibu na Garsen aliletwa katika kliniki yangu mjini Mombasa miaka michache iliyopita, akitembea ameinama, mkono mmoja ameukandamiza chini ya kitovu upande wa kushoto. Maumivu yalikuwa na siku nne. Siku ya kwanza nyumbani waliamua kuwa ni chango, akanyweshwa haluli. Siku ya pili wakasema ni mshipa. Siku ya tatu akauziwa dukani vidonge vya diklofenaki, maumivu yakapoa kidogo, naye akapata nguvu za kupanda matatu hadi Malindi, na kutoka hapo hadi Mombasa kwa mwanawe.

Nilimgusa tumbo. Lilikuwa gumu upande mmoja tu, kwingineko lilikuwa laini. Alikuwa na homa, na moyo ulipiga haraka lakini si kwa kasi ya kutisha. Nilimpeleka hospitali kubwa siku hiyo hiyo akapigwa picha ya CT, nayo ikaonyesha jambo ambalo sikulitarajia. Utumbo wake mpana ulikuwa na vifuko vidogo vingi, kimoja kimetoboka, na kando yake kulikuwa na viputo vya hewa pamoja na jipu lisilofika sentimita 3.

Daktari wa upasuaji aliitazama picha, akaenda akamtazama mzee, akarudi kuitazama picha. Kisha akasema hatampasua.

"Daktari," mzee aliniuliza jioni ile, "wasema utumbo umetoboka, nanyi mwautazama tu?"

La, hatukuutazama tu. Alizuiwa kula kwa siku mbili za kwanza, akatiwa dripu, akadungwa seftriaksoni na metronidazoli mshipani. Wauguzi walimpima mapigo ya moyo, joto, shinikizo la damu na mkojo kila baada ya saa nne, usiku na mchana. Daktari wa upasuaji alimgusa tumbo asubuhi na jioni, na chumba cha upasuaji kilikuwa ngazi moja chini ya kitanda chake. Siku ya tatu homa ilishuka. Siku ya nane alikwenda nyumbani kwa miguu yake. Wiki saba baadaye alirudi kuchunguzwa utumbo kwa kamera, maana saratani ya utumbo mpana inaweza kujificha nyuma ya ugonjwa huo, na haikuonekana.

Nilifurahi mno, nikamsimulia yeye na jamaa zake, kwa fahari ambayo sasa naijutia, jinsi utabibu ulivyosonga mbele hata utumbo uliotoboka ukatibiwa bila kisu. Habari hiyo ilifika Garsen kabla ya mzee mwenyewe.

Miezi michache baadaye nikapokea simu kuhusu kijana wa miaka 19 wa upande huo huo. Tumbo lilimwanza karibu na kitovu, likahamia chini upande wa kulia, akatapika, akakataa chakula. Kila mwanafunzi wa udaktari anaijua hadithi hiyo: ni kidole cha utumbo, yaani apendiksi. Katika kituo cha kwanza alipewa vidonge na kuambiwa arudi asipopata nafuu. Nyumbani wazee wakajadiliana kama wampeleke Malindi, na mmoja wao akasema hakuna haja, kwani siku hizi hata utumbo uliopasuka hutibiwa kwa dawa, si fulani yule pale amepona? Walingoja siku tano. Alipofika kwa wapasuaji tumbo zima lilikuwa limejaa usaha. Yuko hai. Alipasuliwa mara mbili, akakaa hospitalini zaidi ya mwezi, na ana kovu la kutoka kifuani hadi chini ya kitovu.

Lawama si ya kituo kile peke yake wala ya wazee wale. Sehemu yake ni yangu, na ndiyo sababu naandika.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Utumbo mpana hufanya kazi ya kusukuma kinyesi, na kadiri miaka inavyopita, mahali ambapo mishipa ya damu hupenya ukuta wake huwa dhaifu na kufura kama mpira wa baiskeli uliochakaa. Hapo hutokea vifuko. Katika nchi za Magharibi zaidi ya nusu ya watu waliopita miaka 60 wanavyo, na wengi wao hufa wakiwa wazee bila kujua. Wachache hupata uvimbe na maambukizi katika vifuko hivyo, hali ambayo madaktari huiita divatikulaitisi, na wachache zaidi miongoni mwa hao hutobokwa.

Sisi tulisomeshwa kuwa maradhi haya si yetu. Aliyelieneza wazo hilo duniani aliishi hapa hapa jirani. Denis Burkitt, mpasuaji Mwairishi aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Lira na kisha Mulago, Kampala, anajulikana zaidi kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake, aliyoieleza mwaka 1958. Lakini alishangazwa pia na kitu kingine. Maradhi ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza, hakuyaona kwa Waganda. Mwaka 1971 yeye na mwenzake Neil Painter waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba ugonjwa wa vifuko ni upungufu wa makapi katika chakula cha Wazungu, makapi ambayo Mwafrika aliyala kila siku katika unga usiokobolewa, maharagwe na mboga.

Wataalamu wa leo wanabishana juu ya sehemu ya maneno yale, hasa kama uhaba wa makapi ndio unaoleta vifuko. Kwamba wanaokula makapi mengi hulazwa kwa nadra zaidi kwa ugonjwa huo, ushahidi upo. Na yeyote anayeishi Mombasa au Nairobi anajua tunachokula: chapati za unga mweupe, chipsi, soda, mkate. Mzee wangu alikuwa dereva wa lori kwa miaka 30, akila kwenye mikahawa ya barabarani. Nduguze waliobaki mtoni wakilima mpunga, ndizi na mahindi huenda walikula kama watu wa Burkitt, yeye sivyo.

Hata hivyo, ikiwa mtu atashikwa na tumbo kali usiku wa leo huko Tarasaa au Idsowe, uwezekano mkubwa si vifuko. Ni apendiksi, au kidonda cha tumbo kilichotoboka, au utumbo mwembamba uliotobolewa na homa ya matumbo, au mshipa ulionaswa, au kwa mwanamke mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Tiba ya hayo si moja. Utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo unahitaji kisu, na anayengojea vidonge hapo anangojea kaburi. Mimba ya nje iliyopasuka haina mjadala hata kidogo.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Watu hudhani kilichoondoa kisu katika utumbo uliotoboka ni dawa mpya zenye nguvu. Sivyo. Dawa za kuua bakteria zimekuwapo tangu miaka ya 1940, na bado kwa miongo mingi baadaye mgonjwa kama mzee wangu angepasuliwa, akakatwa kipande cha utumbo, na kubandikwa mfuko wa kinyesi ubavuni kwa njia iliyobuniwa na Mfaransa Henri Hartmann katika miaka ya 1920. Baadhi yao hawakuondolewa mfuko huo hadi walipofariki.

Kilichobadilisha mambo ni picha. Skani ya CT ilipoenea katika hospitali za Ulaya na Marekani, daktari aliweza kwa mara ya kwanza kuona ndani ya tumbo bila kulifungua. Aliweza kujua kama tundu limejiziba kwa mafuta ya tumbo, kama usaha umekusanyika mahali pamoja au umesambaa, na kama jipu ni la kiasi cha ndimu au cha embe. Mwaka 1978 madaktari wa Montreal, wakiongozwa na mpasuaji Hinchey, waligawa hali hizo kwa daraja nne, na mgawanyo huo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, ungali unatumika. Jipu dogo karibu na utumbo, dawa pekee hutosha mara nyingi. Likizidi sentimita 3 au 4, hutolewa usaha kwa sindano na mrija, daktari akiongozwa na picha. Usaha ukienea tumbo zima, mgonjwa hupelekwa chumba cha upasuaji, na kinyesi kikimwagika humo, hapaswi kucheleweshwa kabisa.

Kwa hiyo huko picha imechukua nafasi ya kisu. Penye uhaba wa picha, kisu ndicho picha. Mpasuaji wa hospitali ndogo anapofungua tumbo usiku wa manane, aghalabu hafungui kwa sababu anapenda damu, bali kwa kuwa hana njia nyingine ya kujua kilichomo. Kuchukua uamuzi wa Uholanzi au Uswidi wa kutopasua, ukaacha huko picha na kitanda kilichouruhusu, ni kuchukua nusu ya tiba.

Wapo watakaonikumbusha kuwa kutibu tundu bila kisu si jambo la CT peke yake. Wana haki. Daktari Hermon Taylor wa London aliandika mwaka 1946 juu ya wagonjwa wa vidonda vya tumbo vilivyotoboka aliowatibu kwa kuwatia mrija puani hadi tumboni na kufyonza yaliyomo, bila upasuaji. Huko Hong Kong jambo hilo lilipimwa ipasavyo na matokeo yakachapishwa mwaka 1989. Wagonjwa 83 waligawanywa, 40 wakatibiwa bila kisu, na wengi wao walipona hivyo. Vifo havikuzidi upande wowote. Lakini tazameni sharti lililowekwa: aliyekosa nafuu katika saa 12 alipasuliwa. Walikuwa 11 kati ya wale 40. Na waliopita umri wa miaka 70 ndio walioshindwa zaidi kupona kwa njia hiyo.

Saa 12 huko Hong Kong, ghorofa moja na chumba cha upasuaji. Tuhesabu za Garsen.

Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100 za barabara. Kwenda Hola, makao makuu ya kaunti, ni safari inayokaribiana na hiyo kuelekea kaskazini. Kutoka Malindi hadi Mombasa ongeza nyingine zaidi ya 100. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilisema mwaka 2015 kwamba kila mtu anapaswa kufika katika saa mbili mahali anapoweza kupasuliwa kwa dharura. Katika saa hizo mbili mtu wa vijiji vya ndani vya delta huenda bado anatafuta mtumbwi au pikipiki ya kumfikisha barabarani. Na hapo ni wakati wa kiangazi. Walioishi Tana River wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998, au mafuriko ya 2018 na yale ya mwishoni mwa 2023, hawahitaji kuelezwa na daktari maana ya barabara kukatika.

Nilifanya kazi delta nikiwa daktari kijana, na nakumbuka usiku mmoja wa masika tukiwa na mwanamke mwenye tumbo gumu kama ubao, gari la wagonjwa lipo, dereva yupo, mafuta yapo, na maji yamepita juu ya barabara. Tulimtibu bila kisu kwa siku mbili. Hatukuchagua, tulilazimika. Alipona, na hadi leo sijui alikuwa na ugonjwa gani.

Ndiyo maana siwezi kusema kwamba Garsen isitibu bila kisu. Garsen imekuwa ikitibu hivyo siku zote, kwa kukosa la kufanya, na isipofanya hivyo vizuri itafanya vibaya. Ninachopinga ni kuiita njia ya rahisi. Ni tiba inayodai kazi nyingi kuliko upasuaji wenyewe, maana mpasuaji akishamaliza kazi yake anajua alichokiona, na asiyepasua hana budi kurudi kitandani tena na tena akiuliza kama amekosea.

Kazi yenyewe haihitaji mashine ya mamilioni. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza mradi wa kukodishia hospitali mbili za kila kaunti mashine za picha na za upasuaji, na malumbano yake tuliyasikia hadi bungeni. Mashine haisomi picha zake, wala haiamki usiku kumpima mgonjwa mapigo ya moyo. Zipo kazi ambazo afisa wa kliniki na muuguzi wa zamu wanaweza kuzifanya usiku wa leo.

Mgonjwa mwenye tumbo kali na gumu asipewe chochote kwa mdomo. Atiwe dripu. Dozi ya kwanza ya dawa za bakteria idungwe pale pale, isingoje Malindi, kwa kuwa dawa hizo zimo katika vituo vyetu na kila saa inayopita bila dawa ni saa ya bakteria. Apewe dawa ya maumivu ya kutosha kwa sindano, maana lile wazo la zamani kwamba kumtuliza mgonjwa kutaficha ugonjwa limekwisha kukataliwa. Simu ipigwe kwa mpasuaji kabla gari halijaondoka, na mpasuaji apokee. Kila anayesubiri awe na karatasi yenye saa zimeandikwa, mapigo na joto kila baada ya saa nne, na juu yake iandikwe mapema saa ambayo, pasipo nafuu, hakuna tena kungoja. Mtoto, mjamzito, mzee sana, mwenye kisukari, mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa na anayemeza dawa za steroidi wasiwekwe kabisa katika kundi la kungojea kama kuna njia ya kuwahamisha, kwa sababu matumbo yao husema uongo. Linaweza kuwa laini ilhali ndani kumeoza.

Afya imekuwa jukumu la kaunti tangu 2013. Kwa hiyo swali la nani anapokea simu hiyo saa nane za usiku si la Nairobi. Daktari mmoja wa upasuaji na mtaalamu mmoja wa nusukaputi hawawezi kuwa zamu siku 365. Wakienda likizo, ni haki yao. Lakini kituo cha Garsen kijue siku hiyo hiyo kwamba wamekwenda, ili mgonjwa asipelekwe kaskazini halafu arudishwe kusini akipita tena mlangoni mwa kituo alikotoka. Nimewaona waliozungushwa hivyo.

Nawe msomaji wa mjini, unayepigiwa simu na jamaa za nyumbani ukaulizwa la kufanya, usiulize kwanza ni dawa gani wamepewa. Uliza kama tumbo ni gumu, kama mgonjwa anaogopa kukohoa au kutikiswa na gari kwa maumivu, kama ametapika, kama ametoa hewa au choo tangu jana, kama ana homa. Tumbo lililo gumu na linalouma kwa kila hatua halina dawa ya dukani. Waambie wasimpe haluli wala sanamaki, kwa kuwa kuusukuma utumbo wenye tundu ni kumwaga kilichomo. Na zile diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa kama peremende, pamoja na kuchoma tumbo la juu, zimehusishwa pia na kutoboka kwa vifuko hivi. Mzee wangu alikuwa akizimeza kwa ajili ya mgongo wa udereva kwa miaka mingi. Hakuna aliyemwuliza hadi alipolazwa.

Bado anakuja kliniki kila anapomtembelea mwanawe. Safari ya mwisho alitaka kujua kama ni kweli asile mapera na bisi, kama alivyoonywa na jirani, kwa kuwa mbegu zitaingia kwenye vifuko. Nilimwambia ale. Madaktari wa Marekani waliwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 18 na kueleza mwaka 2008 kwamba wala bisi na njugu hawakupata ugonjwa huo zaidi ya wengine. Alicheka akasema amenyimwa mapera kwa mwaka mzima bure.

Kisha akasema watu bado humfuata nyumbani kumwuliza vile vidonge vilivyomponya vinaitwaje, na mmoja alikuja na kalamu. Nimemwomba awajibu kwamba alilala hospitalini usiku saba akidungwa mshipani, na kwamba vidonge alipewa siku ya kwenda nyumbani.